Churamiti maridadi: Sarufi ya Kiswahili katika Utambuzi na Uainishaji wa Vyura wa Misitu ya Tao la Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vyura wasiofahamika sana wa misitu ya mvua ya Tanzania wanavyotambuliwa, kuainishwa na kupewa majina, na nafasi ambayo Kiswahili kimeipata katika kazi hiyo. Kiini cha uchunguzi ni Churamiti maridadi, chura wa Milima ya Ukaguru ambaye jina la jenasi yake na la spishi yake yote mawili yametokana na Kiswahili. Jina hilo linalinganishwa na mengine yenye asili ya Kiswahili, pamoja na jina la chura wa Kihansi ambalo halina asili hiyo. Makala yanadai kwamba maneno ya Kiswahili yanapoingia katika majina ya kisayansi hupoteza upatanisho wake wa kisarufi kwa njia zinazoelezeka, na kwamba upotevu huo una athari kwa istilahi za biolojia tunazofundishia. Mwishoni yanatolewa mapendekezo mawili ya kiistilahi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2002, Alan Channing na William Stanley walichapisha maelezo ya chura mdogo aliyepatikana katika msitu wa Mamiwa-Kisara, kwenye Milima ya Ukaguru mkoani Morogoro. Watafiti hao hawakumwona kuwa spishi mpya tu ndani ya jenasi iliyokwisha kujulikana. Walimwona kuwa tofauti kiasi cha kustahili jenasi yake mwenyewe, nao wakaiita Churamiti. Spishi wakaiita maridadi. Hadi leo jenasi hiyo ina spishi hiyo moja tu, na spishi hiyo haijulikani nje ya Ukaguru. Imo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa sana ya kutoweka.

Kwa mwanazoolojia, habari hiyo inatosha kufungua mjadala kuhusu nasaba ya vyura wa Afrika Mashariki. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili inafungua mjadala mwingine ambao haujapewa uzito unaostahili. Tumezoea kujadili namna Kiswahili kinavyopokea istilahi za sayansi kutoka lugha nyingine: spishi, jenasi, familia, oda. Hapa mkondo umegeuka. Kiswahili ndicho kilichotoa neno, na mpokeaji ni mfumo wa majina wenye sarufi yake, sheria zake za tahajia na hata jinsi za kisarufi. Swali ni nini kinalipata neno la Kiswahili linapohamia huko, na linarudi kwetu likiwa na sura gani.

Ipo sadfa moja inayofaa kutajwa mapema. Waandishi wa biolojia kwa Kiswahili hutumia neno ngeli kwa kile kiwango cha uainishaji kilicho juu ya oda: amfibia ni ngeli, mamalia ni ngeli. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa makundi ya nomino. Basi chura ana ngeli mbili, moja ya maumbile na nyingine ya sarufi, na zote mbili zimewasumbua waainishaji.

2.0 Kutambua, kueleza na kuainisha

Katika mazungumzo ya kawaida vitendo hivi vitatu huchanganywa. Kumtambua chura ni kusema kwamba mnyama huyu aliye mkononi ni wa spishi fulani iliyokwisha kupewa jina. Kumweleza ni kuchapisha sifa zinazomtenga na wengine wote, kumpa jina, na kuteua kielelezo kimoja kitakachobeba jina hilo daima. Wataalamu hukiita kielelezo hicho holotaipu. Kumwainisha ni kuamua mahali pake katika nasaba: ni wa jenasi gani, na jenasi hiyo ni ya familia gani. Mtu anaweza kufaulu katika hatua ya kwanza na ya pili, kisha wenzake wakaikataa ya tatu. Ndiyo maana jina la kisayansi lina sehemu mbili. Ya pili hudumu, ilhali ya kwanza huweza kubadilika kila ujuzi wa nasaba unapobadilika.

Neno aina halitoshi kwa kazi hii. Katika Kiswahili cha kila siku aina hutumika kwa kiwango chochote: aina ya mnyama, aina ya chura, aina ya ngozi. Ukopaji wa spishi ulikuwa wa lazima, na wale wanaoulalamikia wangefanya vema kujaribu kutafsiri aya moja ya maelezo ya chura mpya kwa kutumia aina peke yake.

Vyura wa misitu ya milimani ni wagumu kutambua kwa sababu sifa zinazoonekana kwa haraka mara nyingi hupotosha. Rangi hubadilika baina ya mchana na usiku, na baina ya mchanga na mkubwa. Umbo hufuata makazi: chura anayeishi juu ya majani huelekea kuwa na ncha pana za vidole, awe wa familia gani. Churamiti ni mfano mzuri. Huishi juu ya mimea kama vyura wengi wa jenasi Leptopelis wanaopatikana katika misitu ya jirani, lakini Channing na Stanley walimweka katika familia Bufonidae, familia ya wale vyura wazito wenye ngozi ya vipele tunaowakuta uani usiku wa mvua. Vyura wa Bufonidae hawana meno katika taya la juu, na madume wa wengi wao wana kiungo kidogo karibu na korodani kinachofanana na ovari changa. Sifa kama hizo hazionekani bila kumpasua mnyama, na ndizo zinazoshinda sura ya nje. Siku hizi mlio wa dume hurekodiwa na vinasaba hulinganishwa, lakini mantiki haikubadilika: kinachotafutwa ni ithibati ya asili moja, hata pale ambapo sura inasema jambo jingine.

Kiingereza kina maneno mawili kwa wanyama hawa, moja la chura mwenye ngozi laini na jingine la chura mwenye ngozi kavu ya vipele. Mara kwa mara mtu husikia ikidaiwa kwamba Kiswahili kina upungufu kwa kuwa na chura tu. Dai hilo halina msingi. Mgawanyo wa Kiingereza ulizuka Ulaya, mahali penye spishi chache, na ulipopelekwa katika misitu ya tropiki ulivunjika. Churamiti na jenasi za jirani zake ziko upande mmoja kwa nasaba na upande wa pili kwa sura. Neno chura linalingana vizuri kabisa na oda nzima ya Anura. Hilo ni kundi halisi la nasaba, jambo ambalo maneno yale mawili ya Kiingereza hayawezi kudai.

3.0 Churamiti: neno ambatani na mipaka yake

Kimofolojia, chura ni nomino yenye kiambishi cha umoja ki- kilichobadilika kuwa ch- mbele ya irabu, na wingi wake ni vyura, kama vile chombo na vyombo au chumba na vyumba. Kwa umbo, basi, ni nomino ya ngeli ya ki-/vi-. Kwa upatanisho si ya ngeli hiyo: tunasema chura huyu amelia, vyura hawa wamelia. Uhai wa mnyama umeshinda umbo la neno. Jambo hili linafahamika kwa kila mwanafunzi wa sarufi, lakini lishikwe vizuri, kwa maana lina uzito katika sehemu inayofuata.

Churamiti linaunganisha chura na miti bila -a unganifu. Muundo wa nomino mbili, ya kwanza ikiwa kiini na ya pili ikitaja makazi, si mgeni katika majina ya wanyama. Mbwamwitu ni mfano unaojulikana zaidi, na paka mwitu na nguruwe mwitu wako palepale. Tofauti ni kwamba mwitu ni umoja, ilhali miti ni wingi. Mzungumzaji anayesikia mbwamwitu hapati picha ya mwitu mmoja. Anapata picha ya mazingira. Wingi wa miti unafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine, kwa kuwa mti mmoja si mazingira. Uundaji huu, kwa maoni yangu, ni wa Kiswahili kweli. Hakuna dalili kwamba neno liliundwa kwa kupanga Kiswahili juu ya mpangilio wa lugha nyingine.

Tahajia ni suala tofauti. Katika maandishi yetu utakuta mbwamwitu, mbwa mwitu na mbwa-mwitu, wakati mwingine katika kitabu kimoja. Kanuni za Kimataifa za Kutoa Majina ya Kizoolojia hazina subira ya namna hiyo. Jina la jenasi lazima liwe neno moja lisilo na nafasi wala kistari, na jina la spishi vilevile. Hivyo Churamiti haikuwa na uhuru wa kuandikwa Chura-miti, na mjadala ambao sisi hatujaumaliza ulimalizwa na mamlaka ya nje kwa mtajo huu mmoja.

Kuna tatizo zito zaidi. Chura wa miti ni maelezo ya jumla. Msomaji wa Kiswahili akikutana na Churamiti bila kufahamu historia yake ataelewa kwamba linawahusu vyura wote wanaoishi mitini, wakiwamo Leptopelis wote na wengi wa jenasi Hyperolius. Kwa hakika linahusu spishi moja ya milima mimoja. Neno la jumla limekuwa jina la pekee kabisa. Kwa msomaji wa Kijapani au wa Kireno hakuna tatizo, kwa sababu kwake Churamiti ni sauti tu. Ni sisi, wenye lugha, tunaolisoma vibaya.

4.0 Upatanisho uliopotea: maridadi, kidogo, fichika, yakusini

Jina la pili, maridadi, lilichaguliwa kwa sababu ya rangi za mnyama huyu, nalo limeangukia mahali pazuri kisarufi kuliko jina lolote la kundi hili. Maridadi ni miongoni mwa vivumishi visivyopokea viambishi vya upatanisho, kama safi, hodari na ghali. Ni chura maridadi, vyura maridadi, nyumba maridadi, mti maridadi. Upande wa pili, Kanuni za kizoolojia zinasema kwamba kivumishi cha Kilatini lazima kipatane na jinsi ya kisarufi ya jina la jenasi, lakini neno lisilo la Kilatini wala halijalatinishwa halibadiliki. Maridadi, basi, halibadiliki kwa sheria ya Kiswahili, na halibadiliki kwa sheria ya zoolojia. Sarufi mbili ambazo hazikuwahi kukutana zimetoa hukumu moja.

Jenasi yenyewe haikuponea jinsi. Kanuni zinataka kila jina la jenasi liwe la kiume, la kike au lisilo na jinsi, hata likitoka katika lugha isiyojua mgawanyo huo. Pale ambapo jinsi haikutajwa wala kudokezwa na mtoa jina, jina huhesabiwa kuwa la kiume, isipokuwa likiishia kwa -a, ambapo huwa la kike, au kwa -um, -on au -u, ambapo huwa halina jinsi. Angalia matokeo kwa neno letu. Chura likisimama peke yake kama jenasi lingeishia kwa -a na kuangukia upande wa kike. Likiambatanishwa na miti linaishia kwa -i na kuangukia upande wa kiume. Irabu ya mwisho ya kijalizo ndiyo inayoamua jinsi ya kiini. Ni vigumu kufikiria jambo lililo mbali zaidi na hisia ya mzungumzaji wa Kiswahili.

Majina mengine hayakupata bahati ya maridadi. David Blackburn alieleza mwaka 2009 spishi mbili za vyura wadogo mno wa jenasi Arthroleptis kutoka Tao la Mashariki, akaziita Arthroleptis kidogo na Arthroleptis fichika. Kivumishi -dogo hupokea viambishi, na kwa chura tungetarajia mdogo. Kidogo linaleta upatanisho wa ki-/vi-, ule uleule ambao chura aliuacha zamani. Utetezi upo: linaweza kusomwa kuwa ni upatanisho wa udogo, kama katika kitoto kidogo, na neno lililoachwa likawa kichura. Linaweza pia kusomwa kuwa kielezi chenye maana ya si sana. Usomaji wa udogo ndio unaolifaa zaidi jina, na ningependa kuamini kwamba ndio uliokusudiwa. Lakini jina lenyewe, likiwa peke yake bila nomino ya kupatana nayo, halitupi njia ya kuamua.

Fichika linashangaza zaidi. Ni shina la kitenzi lenye kiambishi cha kutendeka, bila kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Kilichokusudiwa ni hali ya kujificha au ya kutoonekana, hali inayomfaa sana chura mdogo wa kwenye majani makavu ya sakafu ya msitu. Kwa Kiswahili tungehitaji aliyefichika, au kivumishi fiche. Shina tupu la kitenzi, likisimama peke yake, husikika kama amri. Msomaji wetu husikia chura akiamrishwa apotee, na kwa kuzingatia kasi ya kufyekwa kwa misitu hiyo, amri hiyo haisikiki vizuri.

Mfano wa tatu ni Arthroleptides yakusini, chura wa maporomoko aliyeelezwa mwaka 2002 na Channing, Moyer na Howell. Spishi iliyotangulia katika jenasi hiyo, Arthroleptides martiensseni, ilijulikana tangu 1911 kutoka Usambara, upande wa kaskazini wa Tao. Hii mpya ikawa ya kusini. -a unganifu, ambayo katika maandishi yetu husimama peke yake, imegandishwa kwa sababu ile ile ya sheria ya neno moja. Na ya haipatani na chura, ambaye angedai wa. Inapatana na spishi, au na jenasi. Kwa maneno mengine, aliyepewa sifa ya kusini hapa si mnyama bali ni dhana ya uainishaji. Huenda hilo halikupangwa, lakini ni sahihi: kinachopewa jina katika zoolojia si mnyama mmoja mmoja.

Kwa kulinganisha, Callulina kisiwamsitu wa Usambara Magharibi, aliyeelezwa mwaka 2004, ana jina lililofuata mpangilio wa Kiswahili, kiini kikitangulia: kisiwa kisha msitu. Dhana yenyewe ni ya wanaikolojia. Misitu ya Tao la Mashariki imetengana kwa nyanda kavu kama visiwa vilivyotengana kwa bahari, na kutengana huko kwa muda mrefu ndiko kulikozaa spishi nyingi zisizopatikana popote pengine. Neno moja la Kiswahili limebeba nadharia nzima, na limeibeba vizuri.

5.0 Jina linapohama: kisa cha Nectophrynoides

Ili kuona kwamba upatanisho si jambo dogo kwa zoolojia, tutazame jirani wa Churamiti katika familia. Mwaka 1905 Gustav Tornier alieleza chura wa nyanda za juu za kusini za Afrika Mashariki ya Kijerumani ya wakati ule, chura aliyekuwa na sifa ya ajabu: hakutaga mayai, alizaa. Tornier alimweka katika jenasi Pseudophryne, ambayo leo tunaijua kuwa ni ya Australia, na kumwita Pseudophryne vivipara, yaani anayezaa. Mwaka 1926 G. K. Noble aliunda jenasi mpya, Nectophrynoides, na kumhamishia huko. Kwa kuwa Pseudophryne ni ya kike na majina yanayoishia kwa -oides huhesabiwa kuwa ya kiume, vivipara likawa viviparus. Mnyama ni yuleyule, kielelezo ni kilekile, mtoa jina ni yuleyule. Kilichobadilika ni kiambishi cha upatanisho, kama ambavyo kizuri hugeuka kuwa mzuri tunapoacha kusema kitu na kuanza kusema mtu. Mwanafunzi wa ngeli za Kiswahili ana msingi bora wa kuielewa kanuni hii kuliko wenzake wengi.

Kwa miongo kadhaa kuzaa kulihesabiwa kuwa alama ya jenasi hiyo. Vyura wanaozaa wa Mlima Nimba, kule Afrika Magharibi, walitiwa humo pia, hadi Alain Dubois alipowatenga katika miaka ya 1980 na kuwapa jenasi yao, Nimbaphrynoides. Sababu ni ileile iliyotajwa juu: sifa moja yenye kushangaza si lazima iwe ushahidi wa asili moja. Hata kuzaa kwenyewe si kwa namna moja. Watoto wa Nimba hulishwa na majimaji ya mirija ya mama yao. Wa Tanzania hutegemea kiini cha yai.

Nectophrynoides ikabaki ya Tanzania peke yake, ikiwa na spishi 13 hadi mwaka 2025, zilipoongezwa 3: N. luhomeroensis, N. uhehe na N. saliensis. Vyura hao walikuwa wakihesabiwa pamoja na viviparus. Waliotenganishwa walitenganishwa kwa kulinganisha vinasaba, vikiwamo vilivyotolewa katika vielelezo vya zamani vya makumbusho vilivyokusanywa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ili ijulikane ni kundi lipi linalostahili kubaki na jina la Tornier. Kwa mwanaisimu majina hayo 3 ni maonyesho ya mbinu mbili. Luhomero na Sali yametiwa kiambishi tamati cha Kilatini -ensis, kama ilivyofanywa tangu zamani kwa Leptopelis uluguruensis. Uhehe limeachwa lilivyo, pamoja na u- yake ya nchi. Neno la Kibantu limeingia katika jina la kisayansi likiwa na kiambishi chake cha ngeli, bila kuombwa kuvaa kingine.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo sifa za Kiswahili zinaweza kulificha. Wenyeji wa Ukaguru huzungumza Kikaguru, na katika jina Churamiti maridadi hakuna neno la Kikaguru. Kiswahili kimetumika kama lugha ya taifa, alama ya nchi alikotoka mnyama. Lugha za wenyeji huingia katika majina haya karibu kwa mlango mmoja tu, mlango wa majina ya mahali.

6.0 Chura wa Kihansi: jina la mahali na jina la manyunyu

Spishi iliyowafanya Watanzania wengi wasikie habari za uainishaji ni Nectophrynoides asperginis. Iligunduliwa mwaka 1996 katika bonde jembamba la mto Kihansi, kwenye mteremko wa Udzungwa, wakati mradi wa bwawa la umeme ulipokuwa umekwisha kuanza. Poynton, Howell, Clarke na Lovett waliieleza katika toleo la jarida lenye mwaka 1998 juu yake, lakini lililotoka 1999. Kwa sheria ya utangulizi, mwaka unaoandikwa ni 1999. Sifa zilizomtenga ni pamoja na kutokuwa na sikio la nje, utando kati ya vidole vya miguu ya nyuma, na kutokuwa na ncha zilizopanuka. Jike mkubwa hafiki sentimeta 3. Ngozi ya tumbo lake huonyesha watoto walio ndani.

Asperginis ni nomino ya Kilatini yenye maana ya manyunyu, katika uhusika wa umilikishi. Kwa Kiswahili ni wa manyunyu, -a unganifu na nomino yake. Kwa kuwa ni nomino, haibadiliki hata jenasi ikibadilika. Jina hilo lilikuwa pia maelezo ya sharti la uhai. Chura huyu aliishi katika eneo la hekta chache lililoloweshwa daima na rasharasha za maporomoko. Mitambo ilipoanza kazi mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji ya maporomoko ilielekezwa kwingine. Vinyunyizio bandia vikafungwa. Idadi ya vyura ikapanda hadi kiasi cha 20,000 mwaka 2003, kisha ndani ya miezi michache ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi unaoua vyura duniani kote ukakutwa kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba spishi hii imetoweka porini. Ilisalia kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, na uzao wao ulitunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Uzao huo ulianza kurejeshwa Tanzania mwaka 2010, na kuachiwa bondeni kuanzia 2012.

Katika Kiswahili amekuwa chura wa Kihansi, na jina hilo limekuwa kiini cha ubishi juu ya umeme na uhifadhi. Linasemwa kwa kejeli na linasemwa kwa fahari. Lakini wa Kihansi na asperginis hayasemi jambo moja. La kwanza linasema anakotoka. La pili linasema anachohitaji. Mtu anayemjua kwa jina la mahali peke yake anaweza kuridhika kwamba mahali bado papo, maana bonde halikuhama. Anayemjua kwa jina la manyunyu hawezi kuridhika hivyo. Sidai kwamba jina lingeokoa hata chura mmoja. Ninadai kwamba mjadala wa umma uliendeshwa kwa jina ambalo lilikuwa limeficha hoja yenyewe.

7.0 Mapendekezo mawili ya kiistilahi

La kwanza linahusu vyura waishio mitini. Kwa kuwa Churamiti sasa ni jina la jenasi, chura-miti lisitumike kama istilahi ya jumla katika vitabu vya biolojia, hata kama kistari kinalitofautisha kwa jicho. Sikio halioni kistari. Kwa maana ya kiikolojia litumike chura wa mitini. Kiambishi -ni cha mahali kinaeleza wazi kwamba miti ni makazi, na muundo mzima unabaki kirai, hauwezi kudhaniwa kuwa jina la pekee. Kwa spishi ya Ukaguru, pale jina la kawaida linapohitajika, chura maridadi wa Ukaguru linatosha.

La pili linahusu kiluwiluwi. Fasili ya shuleni husema kwamba amfibia huanza maisha majini akiwa kiluwiluwi, kisha hugeuka na kuishi nchi kavu. Kwa Nectophrynoides fasili hiyo ni ya uongo: mtoto hutoka tumboni mwa mama akiwa na umbo la chura. Vilevile kwa Arthroleptis na Callulina, ambao hutaga mayai nchi kavu na ndani yake hutoka vyura wadogo walio kamili. Kwa misitu ya Tao la Mashariki hawa si wachache wa kutiwa katika tanbihi. Aidha kiluwiluwi hutumika pia kwa buu wa mbu aliye majini, jambo linaloonyesha kwamba kiini cha maana yake ni kiumbe mchanga wa majini, si hatua fulani ya maisha ya chura. Ninapendekeza kiluwiluwi kibaki kwa mchanga aogeleaye, na fasili ya amfibia isimtaje kama sharti. Kwa mtoto wa chura anayezaliwa au kuanguliwa akiwa kamili, Kiswahili kina neno tayari kwa kanuni zake za udogo, nalo ni kichura, wingi vichura. Swali la upatanisho litazuka mara moja: kichura hiki au kichura huyu? Umbo linadai la kwanza, uhai unadai la pili, na kwa nomino za udogo wazungumzaji wengi huelekea kulifuata umbo. Kichura hiki, basi, na kikiwa kidogo, kitaitwa kidogo bila kosa.